Mkwe Aliyeandika Sheria ya Mizinga

Shemeji yangu Leodgar Mwananzumi hakusomea sheria hata siku moja, lakini Mpanda nzima ilimwita Wakili. Ungeshuka kwenye treni ukauliza Wakili anakaa wapi, hata mchukuzi mgeni angekuonyesha. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeshasikia watu wakimsifu kwamba alikuwa msomi mkubwa wa sheria. Hakuwa. Alisoma kwa mapadre Karema, akatoka na mwandiko mzuri, rozari na tabia ya kubishana. Mengine aliyaokota kwa kusikiliza watu wakigombana.

Alizaliwa Mamba, huko Mpimbwe, kwa watu wa mpunga. Baba yake alitaka awe mwalimu wa dini, na mapadre walitaka hivyo hivyo. Lakini kila somo akawa anauliza kwa nini Kaini hakupewa nafasi ya kukata rufaa, mpaka wakaona heri aende akafanye kazi ya serikali. Mwaka 1946 akaletwa kwetu Inyonga kuwa karani wa baraza. Baraza lenyewe lilikuwa nyumba ya udongo yenye meza moja. Hakimu alikaa mbele, karani pembeni, na sisi wengine tulijazana madirishani, maana kesi za ndoa na za mizinga ya nyuki ndizo zilikuwa burudani yetu. Dada yangu Romana alisimama kila siku kwenye dirisha la upande wa karani. Mimi, kwa upumbavu wangu, nilidhani anapenda kesi.

Walioana mwaka 1948. Baba yetu, Mzee Ubaldo, alikubali shingo upande. Baba alikuwa mrina asali. Alikuwa na mizinga arobaini na miwili kwenye msitu wa Ilunde, mingine aliirithi kwa baba yake, na mtu asiyejua kupanda mti na moshi mkononi, kwake yeye hakuwa mwanamume kamili.

"Huyo anakaa kivulini mchana kutwa," aliniambia. "Damu yake itakuwa kama maji ya kuoshea mchele."

"Baba, anapata mshahara."

"Hata punda wa misheni anapewa pumba."

Lakini mahari ililetwa, Romana akaondoka, na tangu siku hiyo kazi ikaniangukia mimi. Nyumbani kwetu mkwe wa kiume na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Kukiwa na neno, hupitia kwa mtu wa tatu. Mke mwenyewe hawezi kulibeba, maana yeye ndiye aliyewakutanisha. Mama alikuwa ameshafariki. Nikabaki mimi, Kasilda, mdogo wa Romana, mwenye mdomo ambao shangazi zangu walisema utanikosesha mume. Hawakukosea sana, lakini hayo ni mengine. Wanaume hao wawili wangekaa nyumba moja, mmoja barazani na mwingine chumbani, kila mmoja anamsikia mwenzake hata akikohoa, na bado ningetakiwa kusema, "Baba anasema hivi," "Shemeji anajibu hivi." Nilichoka, lakini nilijifunza. Ukiwa mdomo wa watu wawili, wewe ndiye unayejua maneno gani yaachwe njiani.

Kazi ya ukarani ilimshinda mwaka 1951. Mjane mmoja, Specioza, alinyang'anywa shamba na shemeji zake, na baraza likawapa haki wao. Asubuhi Leodgar aliiandika hukumu kama alivyoambiwa. Mchana Specioza alikaa mlangoni pa Leodgar akilia, na jioni haijafika Leodgar akawa ameshamwandikia rufaa kwenda kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Hakimu alipoletewa karatasi aliutambua mwandiko.

"Mkono huu umeandika hukumu yangu," akamwambia, "na mkono huu huu umeandika kunipinga?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ninao mmoja tu unaojua kuandika."

Akafukuzwa kazi siku hiyo. Specioza alirudishiwa shamba lake baadaye.

Ndipo tukahamia Mpanda, yeye, Romana, na mimi niliyekwenda kwa wiki mbili za kumsaidia dada uzazi nikakaa miaka tisa. Mpanda wakati huo ilikuwa imepata reli juzi juzi tu. Kulikuwa na mgodi wa madini ya risasi, maduka ya Wahindi, wageni kutoka kila kona, na kila mgeni ana kesi. Leodgar alipanga kibaraza cha duka moja karibu na stesheni, akaweka meza na mashine ya taipu iliyokosa herufi ya q, ambayo kwa bahati Kiswahili hakina haja nayo. Mimi niliuza maandazi hatua kumi kutoka hapo. Watu walinunua andazi kwangu, wakaenda kuandikiwa barua kwake, na wakirudi wamekasirika walinunua la pili.

Kwenye mabaraza ya wenyeji mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Kazi yake basi ilikuwa kumpanga mtu. Alimwandikia maneno, akamkaririsha, akamfundisha asitukane. "Sema ulichokiona," aliwaambia. "Ulichokisikia mwachie aliyekisema. Na usimwite hakimu mwizi mpaka ukate rufaa." Watu walishinda kesi. Jina likakua. Mwaka 1955, zilipotafutwa sauti za watu kwenye Halmashauri ya Wilaya, Inyonga wakasema mtu wetu ni Wakili, na Wapimbwe wakasema hapana, ni wetu sisi kwa kuzaliwa. Wakamgombania, akaingia kwa kura za Inyonga. Romana alimshonea koti. Baba aliposikia kwamba mkwe wake sasa anatunga sheria, alinitumia neno: "Mwambie asitunge ya nyuki. Nyuki wana zao."

Neno hilo nililiacha njiani. Nililiona la utani. Ningelifikisha, labda tungepona.

Maana sheria ya kwanza ambayo Leodgar aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake, Oktoba mwaka 1956, ilikuwa ya mizinga. Sababu yake ilikuwa njema. Alipokuwa karani aliona watu wakikatana mapanga kwa ajili ya mzinga mmoja, huyu anasema wangu, yule anasema wangu. Yeye, mtu wa karatasi, akaona dawa ni kitabu. Kila mwenye mizinga aje barazani aandikishe miti yake, ipo bonde gani, karibu na kijito gani. Asiyeandikishwa hana mzinga. Kitabu kifunguliwe wiki sita, Januari na Februari, kisha kifungwe. Wajumbe walipiga meza kwa furaha. Bwana Shauri alisema hajaona sheria fupi na safi kama hiyo.

Ilikuwa safi kwa watu wa mpunga. Mtu wa mpunga Januari yuko nyumbani, majaruba yake yako mlangoni, ukimwita anakuja na tope miguuni. Mrina asali Januari yuko wapi? Yuko porini. Mvua ikishakolea ndipo gome la mti linabanduka vizuri, na gome ndilo mzinga. Wanaume wa Inyonga huondoka baada ya mwaka mpya na hawaonekani mpaka Machi. Kila mtoto wa kwetu anajua hilo. Leodgar alikaa kwetu miaka mitano, akala asali yetu, akaoa binti wa mrina asali, na hakulijua kwa sababu hakuwahi kutoka kivulini kuuliza. Mimi nilijua, lakini nilikuwa Mpanda nakaanga maandazi na hakuna aliyenisomea sheria.

Baba alitoka porini Machi, magome yakiwa tayari yametundikwa. Akakuta kitabu kimefungwa. Ndani yake bonde lote la Ilunde, miti na mizinga yake, limeandikwa jina la Damiano.

Damiano alikuwa jirani. Alikuwa na mizinga yake halali kama kumi na tano. Mwaka ule aliumia mguu, hakwenda porini, akajikuta ndiye mrina asali pekee kijijini, na kitabu kiko wazi, na karani anauliza, "Na mingine?" Akasema na ile ya kule. "Na mingine?" Basi akaendelea. Mtu akiulizwa "na mingine" mara nyingi hivyo anahitaji kuwa mtakatifu, na Damiano hakuwa.

Baba alimshitaki barazani mwezi wa nne. Hakimu alifungua kitabu, akasoma, akafunga. Mizinga ni ya Damiano. Msimu wa kurina ungeanza Juni. Kama kusingebadilika kitu kabla ya hapo, Damiano angepanda miti ya baba na babu yangu na kuvuna nyuki walioitwa na watu wengine.

Siku tatu baadaye baba alishuka kwenye lori la Mpanda. Hakuwahi kufika mjini kabla. Alipita stesheni bila kuitazama treni, akaja moja kwa moja nyumbani, akakaa barazani na kuugeuzia mlango mgongo. Leodgar alikuwa ndani anakula. Akaacha kula.

"Kasilda," akasema baba kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "mwambie huyo mtunga sheria kwamba sheria yake imefika kwangu salama."

Nikageukia mlango. "Shemeji, baba anakusalimu."

"Nimesikia alivyonisalimu," akasema Leodgar ndani. "Shemeji, muulize baba ni kitu gani."

Baba akaeleza. Alieleza yote, kwa mgongo, bila kupandisha sauti tena, na hilo ndilo lililonitisha. Alipomaliza nikatazama ndani. Romana alikuwa amesimama kati ya vyumba na kata ya maji mkononi, hajui ampelekee nani.

"Mwambie baba nitaandika rufaa," akasema Leodgar mwisho. "Leo hii."

"Shemeji," nikamjibu kabla hata ya kumgeukia baba, "rufaa ya nini? Hakimu amefuata sheria. Bwana Shauri naye atafuata sheria. Nani ameiandika?"

Nilisikia bakuli likisogezwa.

"Mwambie," akasema baba, "aliyeniondolea mizinga siyo Damiano. Damiano ni mwizi wa kawaida, namfahamu. Aliyeniondolea ni yeye. Na aliniondolea mbele za watu, kwenye ile nyumba yao. Basi arudi kwenye nyumba hiyo hiyo, mbele za watu wale wale, aseme amekosea. Akishindwa, Romana nitarudi naye. Siwezi kumwacha mwanangu kwa mtu ambaye kosa lake hawezi kulitamka."

Romana akasema, "Baba, mimi sikuulizwa?"

"Wewe ungeulizwa ungelia."

"Silii. Siendi."

"Basi tutaona," akasema baba, akanywa maji yaliyokuwa yake, akayasifu maji ya Mpanda kuwa mabaya.

Kwa mtu mwingine kusema "nimekosea" ni jambo la dakika moja. Kwa Leodgar ilikuwa sawa na kuvuliwa koti sokoni. Watu walimwamini kwa sababu karatasi zake hazikuwa na kosa. Wiki mbili alizunguka na uso wa mtu mwenye jino bovu. Kazi yake aliifanya, barua aliandika, lakini aliacha kubishana, hata na mimi, na hapo ndipo Romana alipoanza kupata wasiwasi wa kweli.

Halmashauri ilikaa Mei. Mimi nilikaa nje chini ya dirisha na kikapu changu, kwa sababu wajumbe nao hula. Ndani Bwana Shauri alikuwa kwenye kiti cha mwenyekiti. Yalipoisha mambo ya barabara na ya mbu, Leodgar akasimama.

"Bwana Mwenyekiti, naomba ile sheria ya mizinga irudishwe mezani. Mimi ndiye niliyeiandika, na niliiandika vibaya. Nilifungua kitabu mwezi ambao wenye mizinga wote wako porini. Nilikuwa sijui. Ningeuliza mtu yeyote wa Inyonga angeniambia, nami sikuuliza. Kwa kosa langu watu wamepoteza mali zao, na wa kwanza wao ni mkwe wangu."

Nikasikia viti vinalia. Kisha sauti ya Krispini, mjumbe wa Mpimbwe, mtu wa Mamba kama yeye, waliochezea tope moja:

"Aha! Kumbe ni mkwe! Ingekuwa ni mimi nimepoteza jaruba, sheria ingebaki safi!"

Wakacheka. Leodgar akasubiri wamalize.

"Krispini, wewe ukipoteza jaruba utalikuta palepale kesho, halina miguu. Ndiyo, ni mkwe wangu. Asingekuwa mkwe wangu nisingejua mapema hivi. Wako wengine hawana mkwe huku ndani."

"Sasa unataka nini? Tuchome kitabu?"

"Kitabu kikae. Nataka kuongeza maneno haya: alama iliyochongwa kwenye mti isimame sawa na jina lililoandikwa kitabuni, na vikipingana, baraza liende kwenye mti."

Bwana Shauri alijua Kiswahili vizuri, cha vitabuni kidogo. Akasema, "Bwana Leodgar, kitabu nakisoma. Alama ya mti nani atanisomea? Kila mtu aweza kuchonga alama jana."

"Walioichonga watakusomea, Bwana."

"Basi twende nikasomewe. Nikisomewa nikaelewa, tutapiga kura."

Nikajua hapo hapo balaa limenifuata. Aliyechonga ni baba. Wa kumuuliza ni Leodgar. Na kati yao, kama kawaida, ni nani?

Tulikwenda kwa lori la serikali, wajumbe saba nyuma pamoja na mimi na kikapu, Bwana Shauri mbele na dereva. Krispini alilalamika njia nzima juu ya mbung'o na akala maandazi manane. Inyonga tulimchukua baba, tukamchukua Damiano na fimbo yake, na siku ya pili asubuhi tukaingia msitu wa Ilunde kwa miguu.

Baba akatupeleka kwenye mti mmoja mkubwa wa muyombo, mzinga juu yake ukinguruma. Kwenye shina, usawa wa kifua, palikuwa na alama: mikato mitatu ya ulalo na mmoja uliopinda chini yake kama mundu. Baba akasimama upande mmoja wa mti, Leodgar akaenda upande wa pili, wasionane. Wajumbe wakatazama jambo hilo wakashangaa, wa Inyonga peke yao wakaona ni adabu.

"Shemeji," akasema Leodgar nyuma ya mti, "muulize baba alama hii ni ya nani."

"Baba, alama hii ni ya nani?"

"Mwambie asiwe mjinga."

Nikamgeukia Bwana Shauri. "Anasema ni yake."

Bwana Shauri akaandika. Mjumbe mmoja wa Inyonga akaanza kukohoa kikohozi cha kicheko.

"Muulize aliichonga lini."

"Mwambie hii ya juu niliifufua mwaka aliozaliwa Romana. Gome likikua linafumba, lazima ufufue. Mwambie kama angekuwa na macho angeona mdomo wa gome umevimba."

"Anasema ya juu ni ya mwaka 1928," nikasema, "na gome limevimba, tazameni."

Wakatazama. Damiano akasema haraka, "Na mimi nilifufua! Miaka mitatu iliyopita nilifufua hapa hapa, mikato mitatu na mundu, ndiyo alama yangu!"

"Ulifufua," akasema baba, na hili alilisema mwenyewe kwa Damiano, kwa sababu Damiano hakuwa mkwe wake. "Na chini ya uliyofufua kuna nini?"

"Chini kuna mti."

Baba akachomoa shoka lake dogo. Hakumwomba mtu ruhusa. Akagonga ule mdomo wa gome upande wa kushoto, polepole kama mtu anayevunja yai la kuchemsha, akabandua kipande cha upana wa kiganja. Ndani ya mti, vidole viwili chini, palikuwa na mkato mwingine, mweusi kabisa, mti umeumeza. Akabandua tena. Mikato mitatu. Kisha, badala ya mundu, mstari ulionyooka.

"Hii ni ya babu yenu," akaniambia mimi, siyo Bwana Shauri. "Baba yangu hakuwa na mundu. Alichonga mitatu na fimbo. Mimi nilipoachiwa miti nikaipinda ile fimbo, ili watu wajue mwenye mti amebadilika. Mwambie huyo aliyeko nyuma ya mti kwamba hiki ndicho kitabu, na karani wake alikufa zamani."

Nikamwambia Bwana Shauri yote hayo bila kuacha neno. Akainama, akaingiza kidole kwenye ule mkato mweusi. Kisha akamgeukia Damiano.

"Wewe ulijua kwamba chini kuna fimbo?"

Damiano akatazama mguu wake mbovu. "Niliulizwa 'na mingine', Bwana," akasema. "Karani aliniuliza mara nyingi sana."

Krispini ndiye aliyecheka wa kwanza, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia, hata baba mdomo ulimcheza.

Kisha Leodgar akasema nyuma ya mti, "Shemeji. Mwambie baba nimeona. Mwambie nilikaa kwenye nchi yake miaka mitano na sikuja hapa hata siku moja. Mwambie kwenye Halmashauri nilishasema nimekosea, na hapa nasema tena, maana hapa ndipo penyewe."

Baba alikuwa anafuta shoka kwa jani. Alifuta muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Na mwambie Romana abaki. Chakula chake huko ni kibaya, lakini abaki."

Kura ilipigwa Inyonga, kwenye ile nyumba ya udongo, kabla hatujapanda lori. Wote waliinua mikono, Krispini wa mwisho na mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa na andazi. Baraza lilirudia kesi wiki mbili baadaye, hakimu akiwa porini na viatu vyake vizuri vimeharibika. Walipita mti kwa mti. Baba alipata mizinga thelathini na minne. Minane haikupatikana: mitatu miti yake iliungua, alama haikusomeka, na mitano Damiano aliapa nayo mpaka mwisho na baba akachoka kubisha. "Mwacheni," alisema. "Mguu ule hautapona hata kwa mizinga kumi." Baraza liliwarudishia na wengine watano waliokuta bonde lao limeandikwa majina ya watu wengine. Watu hao hawakuwa wakwe wa mtu yeyote.

Leodgar alikaa kwenye Halmashauri mpaka mwisho wa miaka ile, na sheria zake zilizofuata zilikuwa ndefu na mbaya kusoma. Kabla ya kuandika alinituma, au alikwenda mwenyewe, kuuliza watu wa samaki wako wapi mwezi huu, watu wa tumbaku wako wapi mwezi ule. Walipokuja watu mwaka 1958 kumwambia agombee kwenye lile Baraza kubwa la kutunga sheria la Dar es Salaam, alikataa. Alisema watu wa huko hata ziwa la Rukwa wangemwomba awaonyeshe kwenye ramani. Romana alifurahi, maana koti lilikuwa limeshaisha viwiko.

Juni ule wa mwaka wa kesi, baba alirina asali yake yote. Ilipoisha alishuka Inyonga akanitumia habari kwamba yuko tayari kuandikishwa kitabuni, maana sheria sasa ilimruhusu achorewe alama yake badala ya jina tu. Lakini hataki karani. Anamtaka yule yule aliyeanza.

Tukaenda. Wakakaa barazani kwa baba, migongo imeelekeana, mimi katikati na kitabu magotini kwa Leodgar. Alichora mikato mitatu. Alichora mundu. Nikamwonyesha baba.

"Mwambie huo ni mkia wa panya."

Akafuta, akachora tena.

"Mwambie mundu una tumbo. Hajawahi kuona mundu? Kwao wanavuna mpunga kwa meno?"

"Mwambie baba," akasema Leodgar, na niliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko, "kwetu tunavuna kwa kisu."

"Sasa ndiyo tunaelewana," akasema baba. "Mpe karatasi nyingine."

Walichora mpaka jua likahama barazani. Mizinga thelathini na minne, miundu thelathini na minne, na hakuna hata mmoja ambao baba aliukubali mara ya kwanza. Nilipowauliza kama hawaoni ni wakati wa kuacha mwiko wao wasemeshane wenyewe, nipumzike, walijibu pamoja, kila mmoja kwa upande wake:

"Hapana."

"Mwambie," baba akaongeza, "tukisemeshana tutagombana."

"Mwambie," akasema Leodgar, "ni kweli."

Basi nikaloweka muhogo, maana tusingeondoka leo wala kesho, nikaendelea kuwasemea.